Kibuyu cha ofisini kwangu si tunguri

Yiwu, Zhejiang
Oktoba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako na hilo goti. Nilikusudia kukupigia, lakini mambo haya nikiyasema kwa simu nitalia au nitatukana, na simu yako ikiita inasikilizwa na nyumba nzima. Kwa hiyo naandika. Mpe Daudi akusomee mkiwa wawili tu, na asiruke sehemu zinazomhusu.

Yaliyosemwa kwenye kikao cha Jumapili yamenifikia, yote, hadi sauti ya Shangazi akikemea ninayo kwenye simu. Kwamba picha ya ofisi yangu mpya ina tunguri ukutani. Kwamba ndiyo maana mambo yangu yamefunguka ghafla. Kwamba hela ya bati isiguswe mpaka iombewe. Na mtu huyohuyo, Mama, hata wiki haijaisha ananiandikia pembeni kwamba simu yake imepasuka kioo, nimwangalizie nyingine huku, yenye kamera nzuri. Sasa hela ya tunguri haifai kuezekea nyumba yako ila inafaa kumnunulia yeye simu?

Halafu hilo neno "ghafla". Mimi nimekuja huku mwaka 2014. Ya miaka ya mwanzo sitaki kuyarejea, na ya 2020 tuyaache yalivyo. Lakini ghafla si neno la kutamkiwa mimi.

Picha ile niliituma kwa furaha. Nilitaka muone meza, muone jina langu mlangoni kwa maandishi ya Kichina, muone kwamba sikai tena kwenye kiti cha mtu mwingine nikimwandikia risiti zake. Wateja wa Kariakoo siku hizi hawaulizi tena "kuna Mtanzania gani huko", wanauliza Rehema yuko wapi. Soko la hapa lina maduka zaidi ya 70,000, Mama, chini ya mapaa yaliyoungana, na mimi najua vifungo vya nguo viko upande gani, maua ya plastiki upande gani, na nani anapunguza bei ukimsalimia kwa lafudhi ya kwao. Basi katika grupu lote hakuna aliyesema hongera. Shangazi akaikuza picha mpaka akafika kwenye msumari, akazungushia duara jekundu, akaandika "Tuombe". Watu wakashusha Amina. Na wewe uliweka ile mikono miwili iliyofumbatana. Niliiona.

Haya, sikiliza sasa kile ni nini.

Kile ni kibuyu. Kibuyu hasa, cha mmumunye, uleule uliokuwa unatambaa kwenye ua wa choo chetu, ukawa unachuma machanga na kuyapika kwa nazi. Huku nao wanayala machanga, wanakaanga kwa mafuta kidogo na kitunguu saumu, na nikikuta sahani hiyo mahali huwa siulizi bei. Mzee mwenye nyumba ninayopanga anaotesha mimea hiyo juu ya dari, kwenye maboksi meupe ya kuwekea samaki. Amejenga kichanja cha mianzi, mashina yanapanda, matunda yananing'inia chini. Maua yake ni meupe na yanafunguka jua likizama. Nikirudi jioni nimechoka napanda kule juu kuyaangalia. Wenzangu hudhani nawaza mambo makubwa. Mimi nawaza choo chetu.

Aina anayoipenda mzee ni ile yenye matumbo mawili na kiuno katikati. Hakivuni kibuyu kikiwa kibichi hata umbembeleze vipi. Anasubiri shina likauke, mpaka sakitu ianguke, yaani umande ulioganda kwa baridi, ndipo anakata. Na hakati kwenye shingo. Anakata juu, anaacha kikonyo chote pamoja na kipande cha shina kilichojipinda. Kisha anakilowesha, anakwangua ngozi ya kijani kwa mgongo wa kisu, taratibu, kwa sababu ukikichuna kwa pupa kinabaki na madoa. Halafu kinatundikwa kivulini wiki kwa wiki. Kila asubuhi anakitikisa sikioni. Siku mbegu zikilia ndani, kimeiva. Kilichovunjika kikonyo anawapa wajukuu wachezee, hata kiwe kizuri namna gani. Vidogo vya kiganjani anavisugua kwa mkono akiwa anatazama wenzake wakicheza karata, mwaka hadi mwaka, mpaka vinapata rangi ya chai kavu. Wanaume wazima hapa wanashindana navyo, na bei zake nikikutajia utasema nimeanza kudanganya.

Kile cha ukutani kwangu alikuja mtu na gari kutoka Shanghai akakitaka, mzee akamwambia hakiuzwi. Siku ya kufungua ofisi akapanda ngazi mwenyewe na nyundo, akapigilia msumari, akakitundika kwa uzi mwekundu, akashuka bila kunywa hata chai. Mkewe aliniambia katika miaka yote hajawahi kumpa mpangaji, awe Mchina au mgeni. Hicho ndicho Shangazi alichokizungushia duara.

Maana yake huku ni heri tupu. Jina la kibuyu kwa lugha yao linakaribiana sana na maneno ya baraka na cheo chenye mshahara mnono, kwa hiyo ukimtundikia mtu mlangoni umemwombea vyote viwili bila kufungua mdomo. Shina lake refu linalotambaa ni ukoo usiokatika, na zile mbegu zilizojaa tumboni ni watoto na wajukuu. Hapo mke wa mzee huwa ananitazama mimi, halafu anatazama kibuyu, halafu anauliza umri wangu. Mwambie Mama Salome hayuko peke yake duniani.

Wanasema pia kwamba mdomo wake ni mwembamba na tumbo pana, hivyo heri ikiingia haitoki. Hilo mimi nina mashaka nalo. Nikipiga hesabu mwisho wa mwezi naona kibuyu changu kimetobolewa chini, na tundu limeelekea Muheza.

Sitakuficha, wapo wanaokichukulia zaidi ya hapo. Wapo wanaokiweka karibu na kitanda cha mgonjwa wakiamini kinavuta ugonjwa. Kule kaskazini, siku ya tano ya mwezi wa tano kwa kalenda yao, watu hukata vibuyu vya karatasi na kuvitundika mlangoni kichwa chini, ili balaa limwagike nje. Kwenye karatasi hizo utaona pengine wamechora nyoka, nge, tandu, mjusi na chura, wale watano wanaohesabiwa kuwa na sumu, kibuyu kimewameza wote. Wapo wanaoamini kabisa na wapo wanaotundika kwa kuwa mama zao walitundika. Lakini Shangazi ana chupa ya mafuta ya upako kwenye pochi na nyingine juu ya kizingiti cha mlango, na mimi sijawahi kumzungushia duara.

Na najua hakuota. Kwetu Tanga kibuyu kidogo kikivalishwa shanga kila mtu anajua kimetoka wapi. Nakubali. Ila huku kibuyu kilienda upande wa daktari, na kisa chake kimeandikwa kwenye kitabu cha historia ya utawala wa Han, kilichotungwa karne ya 5. Nakisimulia kwa sababu kina mtu kama mimi ndani yake.

Palikuwa na msimamizi wa soko mji wa Runan, jina lake Fei Changfang. Sokoni hapo alikuja mzee muuza dawa, akatundika kibuyu mbele ya kibanda chake. Jioni watu wakishatawanyika, mzee anaruka, anaingia ndani ya kibuyu. Hakuna aliyeona isipokuwa Fei, aliyekuwa juu ghorofani. Fei akamwendea kwa adabu, akampelekea pombe na nyama. Mzee akamwingiza naye kibuyuni, na mle ndani akakuta jumba la fahari, meza zimejaa vyakula na vinywaji. Wakala, wakanywa, wakatoka. Fei akatamani elimu ya mzee, lakini aliogopa watu wa nyumbani watamtafuta. Mzee akakata mwanzi wenye urefu sawa na wake, akamwambia autundike nyuma ya nyumba. Ndugu walipouona waliona maiti ya Fei imejinyonga. Wakalia, wakazika.

Huko milimani akajaribiwa. Akaachwa peke yake katikati ya chui milia, hakuogopa. Akalazwa chini ya jiwe kubwa lililofungwa kwa kamba iliyooza, nyoka wakija kuitafuna, hakusogea. Mwisho akaletewa kinyesi chenye funza, ale. Hapo akashindwa, na mzee akamwambia: ulikuwa umekaribia, umekwama hapa. Mimi nilipofika hapo nilicheka mpaka mzee wangu mwenye nyumba akanikasirikia. Huyo Fei hakushindwa, alikuwa na akili timamu.

Lakini sehemu iliyonikaa ni ya kurudi. Alirudi kwao akidhani ametoka siku kumi hivi. Kumbe ilishapita miaka zaidi ya kumi. Nyumbani wakamwambia wewe ulikufa zamani, tulikuzika. Ikabidi wafukue kaburi, wakakuta mwanzi.

Kutokana na yule muuza dawa, mpaka leo daktari wa hapa akianza kutibu watu husemwa ametundika kibuyu. Na mtu akiwa na jambo analolificha, Wachina huuliza, kwenye kibuyu chake anauza dawa gani? Swali hilo ningependa Daudi ampelekee Shangazi. Kwenye kikao kile alikuwa anauza dawa gani? Maana nasikia baada ya maombi ndipo likaingizwa suala la shamba la Mkuzi.

Ngoja, la Mkuzi nitalifikia. Kuna kisa kingine cha kibuyu ambacho sikupanga kukiandika, lakini nikikiacha barua haitakuwa kamili.

Wana watakatifu wao wanane ambao hawafi, utawaona kwenye sahani, kwenye mapazia, hadi kwenye viberiti. Mmoja ni Li Tieguai, kiwete mwenye mkongojo wa chuma na kibuyu cha dawa mgongoni. Hakuzaliwa kiwete. Alikuwa kijana mzuri mwenye elimu kubwa, roho yake ikiweza kutoka mwilini na kusafiri. Siku moja akaenda safari hiyo kumwona mwalimu Laozi, akamwachia mwanafunzi wake mwili autunze, akamwambia nisiporudi kwa siku saba uchome. Siku ya sita mwanafunzi akaletewa habari kwamba mama yake anaumwa sana. Akautazama mwili, akafikiri, akauchoma, akakimbia nyumbani. Li aliporudi akakuta majivu. Karibu pale palikuwa na maiti ya ombaomba kiwete, akaingia humo, na ndiyo sura aliyobaki nayo.

Mzee alinisimulia kisa hicho masika ile uliyolazwa. Nilikuwa nimeketi kule juu ya dari na simu mkononi, nasubiri Daudi aseme daktari amesemaje. Mzee hakujua. Alitaka tu nielewe kwa nini yule mtu kwenye picha ana kibuyu. Nikamuuliza, Li alimfanya nini yule mwanafunzi? Akasema kuna wanaosimulia kwamba alimfuata kwao, akakuta yule mama ameshakata roho, akamimina dawa kutoka kwenye kibuyu, mama akaamka. Nikamwambia mzee kile kisa ni kizuri. Nikashuka chini kupika.

Tuendelee.

Daudi, hapa ni pako, soma kwa sauti. Kadi ya mchango nimeipata, nimeona kwenye mstari wangu mmeandika "Dada wa China" na milioni tatu tayari imejazwa kwa kalamu. Kamati yako ina haraka. Hebu nikwambie hawa walioanaje zamani. Kwenye Kitabu cha Taratibu, kimojawapo cha vitabu vitano vikuu vya wafuasi wa Konfyusi, mwalimu wao wa kale, imeandikwa namna bwana na bibi harusi walivyokuwa wanafanya. Kibuyu kimoja kinapasuliwa katikati, zinapatikana kata mbili, kila mmoja anapewa ya kwake, wanasuuza vinywa kwa pombe. Baadaye watu wakaziunganisha kata hizo kwa uzi, wakishakunywa wanazifunga pamoja kiwe kibuyu kimoja tena. Na kibuyu chenyewe ni kichungu, kwa hiyo unakunywa kitamu ndani ya kichungu, mwenzako naye vilevile. Siku hizi wamebaki kupitisha mikono na glasi, wakinywa huku wamekunjana viwiko, na wamepata ukumbi na keki kama sisi. Lakini walikoanzia ni kibuyu kimoja na uzi. Hakuna MC. Nitatoa milioni moja, na suti yako nitaituma kwenye mzigo, nipe vipimo vilivyochukuliwa na fundi, usinipe vya kukisia. Hizo nyingine mbili kamati itafute dada wa Dubai.

Usinielewe vibaya, Mama, sijachoka kusaidia. Kuna msemo wao, ukikizamisha kibuyu majini, kata inaibuka upande wa pili. Nimelipa ada ya Salome, paa likavuja. Nimetenga hela ya bati, harusi ikaja. Nimeigusa harusi, simu ya Shangazi ikapasuka. Mimi nimesimama ndani ya maji hayo mikono miwili tu. Juzi mteja wangu mmoja alichelewesha malipo ya kontena na hakuna aliyejua hapo nyumbani, kwa sababu hela yenu iliingia siku ileile. Sijasema ili mnionee huruma. Ofisi inakwenda vizuri. Mwezi uliopita nilipakia kontena la futi arobaini la vyombo vya ndani, limejaa mpaka mlangoni, na lilifungwa kwa usimamizi wangu mwenyewe.

Sasa Mkuzi. Nasikia Baba Mdogo anasema shamba limekuwa pori, ni kubwa halina kazi, bora liuzwe tugawane. Mwambieni kuna mzee wa karne ya 4 kabla ya Kristo anaitwa Zhuangzi alishamjibu. Rafiki yake Huizi alipewa na mfalme wa Wei mbegu za kibuyu, akapanda, vikatoka vibuyu vikubwa vya kutisha. Akivijaza maji havibebeki. Akavipasua atengeneze kata, zikawa pana ovyo hazifai kitu. Akaona ni vikubwa bure, akavivunjavunja. Zhuangzi akamwambia una vibuyu vikubwa namna hiyo, kwa nini hukuvifunga kiunoni ukaelea mitoni na maziwani? Unalalamika ni vipana wakati mwenye shida ni wewe. Nadhani Baba Mdogo amenielewa. Shamba lile lilikuwa la machungwa, na machungwa ya Muheza bado yanapandishwa malori kila msimu kwenda Dar na kuvuka mpaka Kenya. Nitatoa hela ya kusafisha na ya miche, kwa sharti Daudi asimamie na hati ibaki kwako. Kuuza, hapana. Baba amelala pale.

Na hapa ndipo nataka Shangazi asikie, hata kama hatasikia kingine.

Mkoa huu ninaokaa una sehemu inaitwa Hemudu, karibu na Yuyao. Mwaka 1973 wanakijiji walikuwa wanachimba mambo yao ya maji wakaibukia kwenye kijiji cha watu wa miaka 7,000 iliyopita. Nguzo za nyumba bado zipo, punje za mpunga zipo, na katika mabaki yale vimo vibuyu. Watu hawa wamekuwa na kibuyu kabla hawajawa na mfalme. Wana hadithi kwamba gharika ilipoimeza dunia walipona watoto wawili tu, kaka na dada, ndani ya kibuyu kilichoota kutokana na jino la mungu wa radi. Radi alikuwa amefungwa na baba yao, wale watoto wakamwonea huruma wakampa maji, akapata nguvu akavunja kizimba, akawaachia jino lake walipande. Kwetu ni safina, kwao ni kibuyu.

Lakini wataalamu wa mimea wanasema mmumunye haukuanzia hapa. Asili yake ni Afrika. Ulivuka huku maelfu ya miaka iliyopita, wengine wanadhani ulielea baharini, wengine wanadhani ulibebwa. Nilimwambia mzee habari hiyo. Akanyamaza, akakisugua kile cha mkononi, kisha akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia kweli tupu. Tangu hapo akipata wageni ananiita niteremke, anawaambia huyu ametoka kibuyu kilikotoka, nami nakaa pale nimenyoosha shingo utafikiri nilikileta mwenyewe.

Shangazi anajua hayo kuliko mimi, ila amesahau kwa makusudi. Babu alikuwa mgema. Kila asubuhi alipanda minazi na vibuyu kiunoni, akashuka navyo vimejaa tembo, na wakati hayo yanafanyika Shangazi ndiye aliyekuwa akivisuuza kwa maji ya moto na kuvianika kwenye uzio, wewe mwenyewe ulinisimulia ulivyomkuta ulipoolewa. Tembo lile ndilo lililolipa ada yake Magila. Sare, daftari, hadi viatu vya kipaimara. Kibuyu ndicho kilichomfundisha kusoma hiyo Biblia anayonikemea nayo. Vile vibuyu vya Babu havikuitwa tunguri na mtu yeyote, na vilikuwa vinatundikwa ukutani palepale sebuleni, chini ya picha ya Askofu.

Kipo hata kimoja? Kile cha shingo ndefu kilichoshonwa kwa uzi wa ukindu baada ya kupasuka? Kama kipo stoo, kitoe usikiache kwa mchwa. Futa vumbi tu, usikioshe kwa sabuni. Akija mtu wa kuja huku nitamwambia apitie kwako. Nataka mzee akione kile kishono, maana hapa kibuyu kikipasuka wanakitupa, na mimi nimemwambia kwetu kinashonwa, naona haniamini.

Machungwa yameanza? Usiniambie kama yameanza. Hapa yanauzwa mazuri kwa macho, matamu kupita kiasi, hayana ule ukali wa mwanzo. Nimenunua kilo moja wiki iliyopita nikampa jirani.

Desemba sijui. Tiketi nimeangalia. Mwezi huo ndio wateja wanakimbizana kupakia kabla huku hawajafunga kwa mwaka mpya wao, na mwaka huu ofisi ni yangu, hakuna wa kumwachia ufunguo. Nikisema nakuja mtachinja mbuzi, halafu nisipotokea atalia Salome. Kwa hiyo sijasema nakuja na sijasema siji.

Hela ya bati inaingia Ijumaa kwenye simu ya Daudi, atakupa mkononi na utaihesabu mwenyewe. Nimeongeza ya daktari wa goti. Nenda kwa daktari, usiende kwa yule mchua misuli wa sokoni. Kiasi usikitaje kwa mtu, hasa unayemjua.

Simu ya Shangazi nimeshanunua, ina kamera nzuri kama alivyotaka, inakuja na mzigo wa Novemba. Ikifika msimkabidhi chumbani. Mwiteni kikao kilekile, watu walewale, na aiombee kwanza mbele yao.

Nisalimie wote, Mama Salome, Mjomba, na Bibi wa ng'ambo ya reli kama bado ananikumbuka.

Mwanao,
Rehema

N.B. Bati ni geji 28. Fundi akikwambia 30 inatosha, anataka chenji.